Sijili ya Nzi wa Manyoya

Miongoni mwa kazi ambazo watu wa zama hizi wamezitia katika intaneti, iko moja ambayo mtu asiyepata kuvua katika mito ya baridi aweza kuipita bila ya kugeuza shingo: nayo ni kazi ya kukusanya na kupanga, katika sijili moja iwezayo kusomwa na kila mwenye kompyuta, namna zote za nzi wa bandia wanaofungwa kwa manyoya, sufu na hariri juu ya ndoana ili kuwahadaa samaki. Waifanyao kazi hiyo hudhani mara nyingi kuwa wameanzisha jambo jipya, na kwa upande wa chombo wanachokitumia wana haki ya kudhani hivyo. Lakini sijili yenyewe ina umri wa karne nyingi, imekwisha andikwa, ikapotea, ikaandikwa tena, ikagombewa na ikauzwa, na kila aliyeishikia kalamu alikutana na mashaka yale yale, ya kuwa maneno yaweza kutaja vitu alivyoundwa navyo nzi, lakini ni vigumu mno kuuandika mkono uliomuunda.

Msomaji wa pwani yetu, aliyezoea kuwaona wavuvi wakirambaza nguru kwa kuburura nyuma ya chombo ndoana iliyofichwa katika manyoya au kitambaa cheupe, hatastaajabu kusikia kuwa samaki hudanganyika kwa kisichokuwa chakula. Uvuvi tunaousema hapa, hata hivyo, ni wa mto wa maji baridi, na samaki wake mashuhuri ni trauti, ambaye sehemu kubwa ya riziki yake ni wadudu waishio chini ya maji wangali lava, kisha hupanda juu, huota mbawa, hupandana na kufa, baadhi yao kwa muda wa siku moja tu. Mdudu wa jinsi hiyo ni mdogo na laini hata hawezi kutungwa katika ndoana, akishikwa huvunjika. Hapana budi aigwe, na kwa kuwa trauti hukaa mahali pake akikitazama kila kinachopita juu yake, mwigo huo sharti upatane na mdudu wa mto ule, wa mwezi ule, na pengine wa saa ile. Ndipo nzi wa bandia walipozidi kuwa wengi, wakafika mamia na kisha maelfu, wakahitaji mtu wa kuwaandika.

Habari ya kale iliyo bayana kuliko zote ni ya Claudius Aelianus, Mrumi aliyeandika kwa Kiyunani mnamo mwaka 200 baada ya Masihi. Anasimulia juu ya watu wa Makedonia waliovua samaki wenye madoadoa katika mto uitwao Astraeus, upitao kati ya Beroya na Thesalonike. Wavuvi hao, asema, hawakumtumia mdudu mwenyewe, kwa sababu akiguswa na mkono wa binadamu rangi yake hufifia na mbawa zake hunyauka; walizungusha sufu nyekundu katika ndoana, wakaifungia manyoya mawili yaotayo chini ya ndevu za jogoo, yenye rangi mfano wa nta, wakatupa kwa ufito wa futi sita na uzi wa urefu huo huo. Ni maelezo mazuri, na hata leo mtu aweza kuyafuata akapata nzi. Philostratus, aliyeandika wasifu wa wanafasaha wa zama zile, ametueleza kuwa Aelianus alijigamba kwamba hakupata kutia mguu nje ya Italia. Basi mtu wa kwanza kumwandika nzi wa bandia kwa ukamilifu alikuwa mtu aliyesikia habari zake kwa wengine, na yumkini hakupata kumshika mkononi. Kuhusu namna ya kufunga, yaani uzi unaanzia wapi na manyoya yanalazwa upande upi, hakusema neno, na pengine wale waliomsimulia hawakuona haja ya kumweleza muulizaji asiyekusudia kuvua.

Ukapita muda mrefu. Mwaka 1496, Wynkyn de Worde, mpiga chapa wa Westminster, alitoa chapa mpya ya kitabu cha mambo ya uwindaji kilichoitwa kwa jina la St Albans, akakiongezea risala juu ya uvuvi wa ndoana ambayo desturi imeihusisha na mtawa mmoja, Juliana Berners, ingawa ushahidi wa kuwa ndiye aliyeitunga ni dhaifu. Ndani yake wametajwa nzi 12, waliopangwa kwa miezi tangu Machi hadi Agosti, na kila mmoja amepewa maneno machache tu: kiwiliwili cha sufu ya rangi fulani, mbawa za bata dume au za kwale, basi. Mwandishi huyo huyo aliyekuwa bahili wa maneno juu ya nzi amekunjua mkono wake katika kueleza jinsi ya kutengeneza ndoana kwa kuipasha moto sindano na kuikunja, na jinsi ya kusokota mshipi kwa singa za mkia wa farasi mweupe na kuzitia rangi za kupatana na maji ya kila majira. Yaonekana aliamini kwamba atakayekisoma kitabu hicho ataweza kufunga uzi bila ya kufundishwa, kwa kuwa katika Uingereza ya wakati ule ni nani aliyekuwa hajui kushona?

Kwa upande wa Hispania kulikuwa na mswada ambao ningependa kutua na kuusemea zaidi, kwani kisa chake ni cha ajabu. Mwaka 1624, katika mji wa Astorga ulio katika nchi ya León, Juan de Bergara aliandika kwa mkono wake kitabu kidogo cha nzi wa kuvulia trauti, akiwapanga kwa majira ya mwaka. Tofauti na risala ya Westminster, kitabu hiki kilizama katika manyoya: unyoya wa jogoo gani, wa rangi ipi, utanguliwe na upi na kufuatwa na upi, kisha hariri ya rangi gani ipite juu yake. Majogoo wenyewe ni wa ukoo maalumu, wafugwao mpaka leo katika vijiji vya bonde la mto Curueño, na wamegawanyika katika makabila mawili, indio wenye rangi moja iliyo safi, na pardo wenye madoa mfano wa vumbi la dhahabu. Hawachinjwi kwa ajili ya manyoya. Hung'olewa wangali hai mara kadha kwa mwaka, yakaota tena. Wenyeji hushikilia kwamba jogoo huyo akihamishwa mbali na bonde lake, mng'aro wa manyoya yake hupungua, na mimi sina sababu ya kuwabishia watu waliomfuga kwa karne nne. Mswada huo ukadumu miaka mia tatu na zaidi. Kisha, mwaka 1964, ukatolewa hidaya kwa Jenerali Franco, aliyekuwa mtawala wa Hispania na mpenzi wa uvuvi, na tangu hapo asili yake haikuonekana tena. Yaliyomo yamenusurika kwa kuwa palikuwa na watu walioyanakili kabla. Hidaya kwa wakubwa ina hatari zake, na hii ni mojawapo: kitu kilichokuwa kikisomwa na watu wa mji mmoja kilitukuzwa hata kikatoweka.

Waingereza nao walikuwa wakiendelea. Izaak Walton alichapisha kitabu chake mashuhuri cha uvuvi mwaka 1653, lakini juu ya nzi hakuwa na mengi yaliyokuwa yake mwenyewe. Ilipofika chapa ya tano, mwaka 1676, rafiki yake Charles Cotton, aliyeishi kando ya mto Dove, ndiye aliyeongeza sehemu ya pili na kuandika nzi 65 kwa mpangilio wa miezi. Cotton alikuwa mtu wa dhihaka. Katika mazungumzo ya kitabu chake, mgeni anaonyesha nzi aliyefungwa kwa mtindo wa London, na mwenyeji anamwomba nzi huyo ili amtundike dirishani mwake apate kumcheka. Chini ya mzaha huo mna jambo la maana kwa mtunza sijili: nzi ana kwao, na aliye sahihi katika mto mmoja aweza kuwa kichekesho katika mto mwingine. Aliyelishika jambo hilo kwa njia ya elimu ni Alfred Ronalds, aliyejijengea kibanda juu ya mto Blythe katika Staffordshire ili awatazame trauti bila ya wao kumwona, na mwaka 1836 akatoa kitabu ambamo mdudu wa kweli na mwigo wake wamechorwa pamoja kwa rangi zilizopakwa kwa mkono, jina la kivuvi likifuatana na jina la Kilatini. Ronalds alihajiri kwenda Australia, akafia huko mwaka 1860. Kitabu chake kikazidi kuchapishwa nyuma yake.

Ikaja karne ya fahari, na fahari hiyo ilitoka kwa samoni. Samaki huyu arudipo mtoni kutoka baharini ili azae, huacha kula. Kwa hiyo nzi wake hana mdudu wa kuigwa, na mfungaji hana mpaka isipokuwa tamaa yake na mfuko wa tajiri wake. Uingereza ya Malkia Victoria ilikuwa ikipokea shehena za ngozi za ndege kutoka pembe zote za dunia kwa ajili ya kofia za mabibi, na masalio yake yaliingia katika masanduku ya wavuvi. Jock Scott, nzi aliyepewa jina la mtumishi aliyembuni katikati ya karne hiyo, ana ndani yake kishungi cha fizanti wa dhahabu kutoka Uchina, manyoya ya tukani wa Amerika ya Kusini, jogoo-mwitu wa Bara Hindi, tausi, tandawala, zari za fedha, pete za unyoya mweusi wa mbuni, na kooni mwake madoa ya kanga, ndege wetu huyu aliaye machakani. George Kelson alipotoa kitabu chake cha nzi wa samoni mwaka 1895, aliandika namna zipatazo 300, zikiwemo nyingi alizojinasibisha nazo yeye au jamaa zake, na maelezo yake yalikuwa marefu na ya kutisha kama sheria. Baadaye akajikuta katika ugomvi wa hadharani na R. B. Marston, mhariri wa gazeti la wavuvi la London liitwalo Fishing Gazette, juu ya asili ya nzi mmoja mdogo aitwaye Inky Boy. Mtu aweza kucheka kwamba wazee wawili wenye heshima zao walitoana jasho kwa ajili ya kitu kinachomezwa na samaki. Walichokuwa wakikibishania, lakini, ni haki ya kusema huyu ni wangu na hivi ndivyo alivyo, na haki hiyo haina hakimu pasipokuwa na sijili inayoaminiwa na pande zote.

Wala si kila nzi aliitwa kwa jina la aliyemfunga. Mwaka 1854, Kasisi William Greenwell wa Durham aliona katika mto Tweed mdudu waliyemtaka trauti siku ile, akampeleka kwa James Wright, fundi wa kijiji cha Sprouston, amfungie mfano wake. Wright akamfunga, trauti wakamkubali, na nzi akaingia vitabuni kwa jina la utukufu wa Greenwell, anaitwa hivyo hata leo. Kasisi alikuwa na macho, fundi alikuwa na mikono, na sijili ikaandika macho.

Huko Marekani mashaka yalikuwa ya biashara. Charles Orvis alifungua duka lake la vifaa vya uvuvi mwaka 1856 katika mji wa Manchester, jimbo la Vermont, na mwaka 1876 binti yake Mary akashika usimamizi wa chumba cha kufungia nzi, ambamo wanawake wa mji ule walifanya kazi kutwa kwa maagizo yaliyokuja kwa posta. Barua nazo zilikuwa fumbo. Mtu wa Maine aliomba nzi kwa jina ambalo mtu wa Pennsylvania alilitumia kwa nzi mwingine kabisa. Mwingine aliomba kwa jina ambalo halikujulikana nje ya ziwa la kwao. Na nzi akifika si yule aliyetarajiwa, lawama ilimrudia muuzaji. Mary Orvis Marbury, kwani ndilo jina lake baada ya kuolewa, akafanya jambo la akili: akawaandikia wavuvi wa majimbo mbalimbali na wa Kanada, akiwauliza ni nzi gani wanaowapenda, wanawaitaje, na wanawatumia wapi, kisha majibu yao, kila mtu kwa maneno yake, akayatia katika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 1892 kikiwa na picha za rangi za nzi karibu 300. Mwaka uliofuata nzi wa nyumba yao, wakiwa wamepangwa katika mbao pamoja na picha za mito walimovuliwa, walionyeshwa katika Maonyesho ya Dunia ya Chicago. Mbao hizo zingalipo katika makumbusho ya uvuvi wa nzi huko Manchester.

Kwangu mimi, huyu Bibi Marbury ndiye mama wa sijili zote za intaneti, na sioni wa kumshindania cheo hicho. Kabla yake kila mwandishi aliandika alichokijua, au alichosimuliwa na wachache; yeye alitangaza kwamba maarifa yamo kwa watu wengi walio mbalimbali, na kazi ya mtunzaji ni kuyaita, kuyapanga, na kutia picha inayomaliza ubishi. Na picha hiyo ilikuwa ya lazima, maana aliona kila siku kuwa jina pekee halitoshi, na orodha ya vitu nayo haitoshi.

Wafungaji wenyewe walilijua hilo kwa njia yao. Mwingereza Frederic Halford alipotoa mwaka 1886 kitabu chake cha nzi waeleao juu ya maji, kilikuwa kamili kwa kadiri kitabu kiwezavyo kuwa. Hata hivyo Theodore Gordon, mtu mgonjwa na mpweke aliyevua mito ya milima ya Catskill katika jimbo la New York, alipomwandikia kumwuliza, Halford hakujibu kwa maneno tu, alimtilia katika barua ya Februari 1890 nzi wenyewe. Gordon akawatazama kwa makini, akatambua kuwa wadudu wa Marekani si wale wa Uingereza, akabuni wake. Alikuwa msiri, hakupenda kutazamwa akifunga, na tabia hiyo ikawa kama urithi wa milima ile. Rube Cross, fundi aliyefuata mtindo wake, alikataa kumfundisha kijana Walt Dette. Basi Dette, pamoja na mchumba wake Winnie na rafiki yao Harry Darbee, wakanunua nzi wa Cross, wakaketi wakawafumua mmoja mmoja, zungusho kwa zungusho, wakihesabu uzi umepita mara ngapi na unyoya umeshikwa wapi, mpaka wakaupata ustadi ambao mwenyewe aliwanyima. Hao wakawa mafundi mashuhuri wa nchi ile kwa miaka mingi. Kitabu walichokisoma kilikuwa ni nzi mwenyewe, na kila ukurasa waliousoma uliharibika.

Sasa mtu akiketi kuunda sijili ya intaneti, huanza kwa kuchora jedwali lenye safu: jina, ndoana, uzi, mkia, kiwiliwili, mzunguko wa zari, mbawa, unyoya wa shingoni, kichwa. Shida ya Bibi Marbury huitatua kwa kumpa kila nzi nambari yake, ili majina mawili yaweze kumwelekea nzi mmoja na jina moja liweze kuwaelekea wawili; na hilo ni jambo jema sana, ambalo vitabu havikuliweza. Lakini hapo hapo huja Frank Sawyer. Huyu alikuwa mlinzi wa mto Avon katika Wiltshire, na nzi wake aliyejulikana dunia nzima, wa kuzama chini ya maji, aliundwa kwa vitu viwili tu, nyuzinyuzi za mkia wa fizanti na waya mwembamba wa shaba, waya huo ukitumika badala ya uzi. Jedwali linalomlazimisha kila mwandishi ajaze safu ya uzi halina mahali pa Sawyer. Na kwa kweli, katika sijili nyingi utamkuta nzi wake akiwa ametiliwa uzi, miguu, na hata ushanga wa dhahabu kichwani, na bado anaitwa kwa jina lile lile. Nzi wake mwingine alihitaji sufu ya kutilia viraka ya Chadwick, nambari 477, ambayo kiwanda kiliacha kuifanya. Tangu hapo wavuvi hununua kadi kuukuu za sufu hiyo kwa bei isiyo na uwiano wowote na thamani yake, na wengine hubishana ni sufu gani ya leo inayogeuka rangi kama ile inapolowa. Sijili imehifadhi nambari, dunia haikuhifadhi sufu.

Na Adams je? Len Halladay alimfunga mwaka 1922 katika kijiji cha Mayfield, Michigan, akampa jina la rafiki yake Charles Adams aliyemjaribu katika mto Boardman. Halladay alimtilia mkia wa manyoya ya fizanti wa dhahabu, na mbawa zake alizilaza kama za mdudu aliyekwisha choka. Adams wa madukani leo ana mbawa zilizosimama na mkia wa manyoya ya jogoo yaliyochanganywa. Yupi ndiye Adams? Mtunza sijili mwenye busara huwaandika wote wawili, akamfanya wa kwanza mzazi na wa pili mtoto, akatia mwaka na mahali. Asiye na busara huchagua mmoja, akamfuta mwingine kwa kidole kimoja.

Sijili ya intaneti imeleta pia jambo ambalo Kelson hakuliona. Sheria zilikwisha kuufunga mlango wa biashara ya manyoya ya ndege wa mwitu: Marekani kwa sheria ya Lacey ya mwaka 1900, Uingereza kwa sheria ya mwaka 1921 iliyokataza kuingizwa manyoya, na baadaye mkataba wa mataifa uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973. Maelezo ya nzi wa zama za Victoria yalibaki vitabuni bila ya vitu vyake, na mafundi wengi wakaridhika kutia rangi manyoya ya kuku na bata. Ilipokuwa rahisi kwa mtu yeyote kuyasoma maelezo hayo, kuziona picha zake na kuwajua wenzake wenye shauku hiyo hiyo, tamaa ya manyoya ya asili ilifufuka. Usiku mmoja wa Juni 2009, kijana mwanafunzi wa muziki aliingia kwa kuvunja dirisha katika makumbusho ya ndege ya Tring, Uingereza, akaondoka na ngozi 299, baadhi zikiwa zimekusanywa na mwanachuoni Alfred Russel Wallace katika karne ya kumi na tisa. Manyoya yake yakauzwa kwa wafungaji wa nzi kwa njia ya intaneti. Wataalamu wa makumbusho walilia ngozi, na walilia zaidi vile vyeti vidogo vilivyofungwa miguuni mwa ndege, vyenye tarehe na mahali alipopatikana, maana ngozi iliyopatikana bila ya cheti chake haikuwafaa tena kwa elimu. Kwa ajili ya kuitii sijili moja kwa herufi, sijili nyingine iling'olewa.

Katika historia hii nchi zetu zimo, tena si kwa kanga na mbuni pekee. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi wa Kenya, alileta mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, yakatiwa katika mto Gura ushukao milima ya Nyandarua. Samaki wakazoea, wakaenezwa katika mito mingine ya milima hiyo na ya Mlima Kenya. Wavuvi walipokuwapo, wafungaji wakahitajika, na ustadi ukabaki katika mikono ya wenyeji baada ya himaya kuondoka. Leo nzi wafungwao Kenya huuzwa katika maduka ya Uingereza na Marekani, na wengi wa wanaowafunga ni wanawake, wakiwa wameketi mbele ya jiliwa, mkasi mkononi, wakihesabiwa kazi yao kwa dazeni. Unyoya waweza kuwa wa jogoo aliyezalishwa Colorado kwa ajili ya manyoya yake tu, ndoana imetoka Japani, na nzi aliyekamilika anakwenda kuvuliwa Montana, katika mto ambao aliyemfunga hajapata kuuona, kama Aelianus asivyopata kuuona Astraeus. Ila mambo yamegeuka kichwa chini, kwa kuwa sasa asiyeuona mto ndiye mwenye mkono, na auonaye ndiye mwenye kalamu.

Mafundi hao hupokea kutoka kwa mnunuzi sampuli ya nzi. Maandishi huja pamoja nayo, lakini ni sampuli inayowekwa mbele ya macho, ikapimwa uwiano wa mkia na kiwiliwili, ikageuzwageuzwa, na inapolazimu ikafumuliwa, kama walivyofanya kina Dette. Atakayeweza kufunga dazeni baada ya dazeni bila ya wa mwisho kuhitilafiana na wa kwanza anayo elimu ambayo hakuna safu ya jedwali iliyopata kuidaka. Kwa upande wa wabunifu, mambo yamenyooka tangu kampuni kama Umpqua Feather Merchants, iliyoanzishwa Oregon mwaka 1972, zilipoanza kumlipa mbunifu hisa yake kwa kila nzi wake anayeuzwa. Jina la mbunifu limo katika orodha, limo katika sijili, na ni haki yake. Picha iliyo kando ya jina hilo aghalabu ni ya nzi aliyenunuliwa dukani, naye amefungwa Nairobi, au Sri Lanka, au Thailand. Kuongeza katika jedwali safu moja ya aliyemfunga nzi wa pichani, na moja ya mahali alipomfungia, ni kazi ya mchana mmoja kwa mtu anayejua kuandika programu. Na kwa kuwa viwanda vinajua ni nani aliyefunga kila dazeni, maana humlipa kwa hesabu hiyo, jina la kujaza lipo.